Beseni la kutuliza maji chini ya utoro wa bwawa: anza na mto

Maji yakiporomoka kwenye utoro, yaani njia ya kupitishia maji ya ziada, wa bwawa la kimo cha kawaida, hufika chini yakikimbia mita 16 kwa sekunde, karibu kilomita 60 kwa saa. Hiyo ni kasi ya daladala barabarani. Ila daladala hupita mara moja ikaondoka, na utoro mdogo tu humwaga tani 200 kila sekunde, mchana na usiku, kwa siku tatu za mvua. Ukiyaachia maji hayo yafike kwenye udongo wa mto yakiwa na kasi ile ile, yatachimba. Yakishachimba chini, hurudi nyuma kuufuata utoro wenyewe, kisha tuta.

Kazi ya beseni la kutuliza ni kuyafanya maji yapigane yenyewe kwa yenyewe ndani ya zege, nguvu iishie hapo. Fungua bomba la jikoni juu ya sinki lenye kitako bapa uone: karibu na maji yanapodondokea kuna duara jembamba lenye kasi, halafu ghafla maji yanainuka na kutulia. Mnyanyuko ule ndio mruko wa maji, na beseni ni chumba tunachoujengea mruko ili usitoke nje.

Wahandisi wengi wachanga huanzia kwenye bwawa: kimo cha tuta, upana wa utoro, halafu beseni linawekwa pale lilipotosha kwenye mchoro. Nami nilianza hivyo hivyo. Lakini kinachoamua sakafu ya beseni ikae wapi ni mto ulio mbele yake, upande maji yanakoelekea. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia chini na kupanda.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Bwawa la tuta la udongo, utoro wa zege usio na milango, upana mita 20. Mafuriko ya usanifu, yaani makubwa kuliko yote ambayo bwawa linasanifiwa kuyapitisha, ni mita za ujazo 200 kwa sekunde. Kilele cha utoro kiko kiwango cha 107.0 na kitako cha mto mbele ya bwawa kiko 98.0, vyote vikipimwa kwa mita kutoka alama ya kudumu ya mpimaji pale eneo la kazi.

Hatua ya 1: Ujue mto utajaa kiasi gani

Unahitaji mchoro unaoonyesha kiwango cha maji mtoni kwa kila mtiririko, kuanzia kidogo hadi mafuriko ya usanifu. Kama kuna kituo cha kupimia karibu, nenda Bodi ya Maji ya Bonde husika (kwa Tanzania; kwa Kenya, Mamlaka ya Rasilimali za Maji) uombe kumbukumbu zao. Kama hakuna, pima mikato ya mto kadhaa kuelekea chini, pata mteremko, kisha tumia kanuni ya Manning, inayokadiria mtiririko kutokana na umbo, mteremko na ukwaruzo wa mto.

Hapa kuna mtego. Kanuni ya Manning inataka ukadirie ukwaruzo wa mto. Ukikisia mto una ukwaruzo mwingi, hesabu itakupa kina kikubwa, nawe utafurahi kwa sababu kina kikubwa hushikilia mruko ndani ya beseni. Halafu mafuriko ya kwanza yanang'oa matete na vichaka, ukwaruzo unapungua, kina kinashuka, na mruko unasukumwa nje. Kwa hesabu ya beseni chagua ukwaruzo mdogo. Kwa hesabu ya urefu wa kuta chagua mkubwa. Ni mto mmoja, lakini unaukadiria mara mbili, na kila mara kwa upande utakaokuumiza.

Tuseme kwenye mfano wetu mto ukibeba mita za ujazo 200 kwa sekunde hufikia kiwango cha 100.9, yaani kina cha mita 2.9.

Hatua ya 2: Mzigo kwa kila mita ya upana

Gawa 200 kwa upana wa mita 20, unapata mita za ujazo 10 kwa sekunde kwa kila mita moja ya upana. Namba hii ndogo ndiyo itakayotembea nasi. Kwa kilele kilichochongwa vizuri, maji yatasimama takriban mita 2.8 juu yake, kwa hiyo bwawa litakuwa kiwango cha 109.8. Njiani kuteremka, msuguano utakula kiasi fulani. Nachukua mita 0.6.

Hatua ya 3: Tafuta kiwango cha sakafu

Hii ni hesabu ya kujaribu na kurudia, na ndiyo moyo wa kazi yote. Anza kwa kukisia sakafu iwe sawa na kitako cha mto, 98.0. Nishati inayofika chini, tukiipima kama kimo cha maji, ni 109.8 kutoa 0.6 kutoa 98.0, sawa na mita 11.2. Tafuta kasi ambayo kina chake (mzigo wa 10 gawanya kwa kasi) kikijumlishwa na kasi mraba gawanya kwa 2g (g ni mvuto wa dunia, 9.81) kinatoa 11.2. Utapata kasi ya mita 14.35 kwa sekunde na kina cha mita 0.70 tu. Maji membamba, yenye hasira.

Sasa namba ya Froude, inayoonyesha ukali wa mkondo ukilinganishwa na kina chake: kasi gawanya kwa kipeuo cha pili cha g mara kina. Inakuja 5.5. Kisha kina pacha, yaani kina ambacho maji yatainukia baada ya mruko, kwa kanuni aliyoiacha Mfaransa Bélanger:

y2 = (y1 ÷ 2) × (√(1 + 8F²) − 1)

Hapa y1 ni kina cha maji yanayoingia, y2 ni kina pacha, na F ni namba ya Froude. Jibu ni mita 5.07. Maana yake, ili mruko ukae hapo, maji ya mtoni lazima yafike 98.0 + 5.07, yaani 103.1. Mto wetu unafika 100.9. Tumepungukiwa mita 2.2. Mruko hautakaa, maji yatapita beseni yakiwa na kasi yao na kwenda kupasukia kwenye udongo.

Shusha sakafu ujaribu tena. Ukiishusha, maji yanaongeza kasi na kina pacha kinakua kidogo, kwa hiyo huwezi kushusha mita 2.2 tu ukaishia hapo. Sakafu ikiwa 95.4, kasi ni 16.1, kina 0.62, Froude 6.5, kina pacha 5.42. Jumla 100.82. Mto uko 100.9. Kwenye karatasi, tumefika.

Mimi nisingesaini mchoro huo. Sentimita nane ni akiba ya kalamu. Zaidi ya hapo, bwawa likishajengwa hukamata mchanga na matope, na maji yanayotoka yakiwa masafi yana njaa: hubeba kitako cha mto kilicho mbele. Baada ya miaka kadhaa mto hushuka, na kiwango cha maji hushuka nao. Kwa hiyo nashusha hadi 94.9. Kasi sasa ni 16.4, kina 0.61, Froude 6.7, kina pacha karibu 5.5. Mruko unadai kiwango cha 100.4, nasi tuna 100.9. Nusu mita ya akiba.

Kabla hujaanza kuchimba, jaribu njia nyingine: panua utoro. Ukiwa na mita 25 badala ya 20, mzigo kwa kila mita unashuka hadi 8, na sakafu ambayo kwenye karatasi ilitosha kwa 95.4 sasa inatosha kwa 96.1. Sentimita 70 za uchimbaji zimepungua, ila umeongeza mita tano za zege kwa urefu wote wa utoro. Kama chini kuna mwamba mgumu au maji ya ardhini yako juu, kupanua kunalipa. Kama ni moramu laini na mchimbaji yupo, chimba.

Usiishie kwenye mafuriko makubwa. Rudia hesabu kwa robo ya mtiririko, nusu, na robo tatu. Mto haupandi kwa mwendo ule ule unaopanda mzigo wa utoro, na si ajabu kukuta beseni linafanya kazi vizuri kwenye mafuriko ya miaka mia huku likishindwa kwenye mafuriko ya kila masika.

Hatua ya 4: Aina ya beseni

Hapa Froude ndiye mwamuzi. Chini ya 2.5 mruko ni dhaifu, sakafu ndefu tupu inatosha. Kati ya 2.5 na 4.5 ndipo pabaya: mruko unayumba, mara juu, mara chini, na kutoa mawimbi yanayosafiri mbali yakila kingo. Mabanio ya umwagiliaji yenye kimo kifupi huangukia humu mara kwa mara. Kuna beseni la kupunguza shida hiyo, refu karibu mara sita ya kina pacha, lakini ushauri wangu ni kubadilisha upana mpaka utoke kwenye eneo hilo. Kuanzia 4.5 hadi 9 mruko unatulia na kufanya kazi vizuri. Juu ya 9 unakuwa mkali, wenye mawimbi, ingawa unakula nishati nyingi zaidi.

Kwa Froude zaidi ya 4.5, mabeseni mawili yaliyopimwa na Bureau of Reclamation, idara ya serikali ya Marekani inayojenga mabwawa, katika miaka ya 1950 ndiyo yanayotumika zaidi hadi leo. Aina ya pili ni ya mabwawa marefu: ina meno (vibonge vya zege) mwanzoni na kizingiti chenye meno mwishoni, haina kitu katikati, na urefu wake ni kama mara nne ya kina pacha. Aina ya tatu inaongeza safu ya vizuizi katikati na kufupisha beseni hadi takriban mara 2.7 ya kina pacha. Masharti yake ni kwamba kasi isizidi mita 15 hadi 18 kwa sekunde, na mzigo usizidi kama mita za ujazo 18 kwa kila mita ya upana. Ukipita hapo, nyuma ya vizuizi maji huchemka kwa mgandamizo mdogo, viputo vinapasuka, na zege inaliwa kama jino bovu.

Sisi tuna kasi 16.4 na mzigo 10. Tumo ndani, ingawa kasi imeshaingia eneo la tahadhari. Aina ya tatu inatupa urefu wa mita 15. Mruko huo huo bila vizuizi ungetaka kama mita 33. Mtu yeyote aliyewahi kununua zege anaelewa tofauti hiyo.

Kama una mwamba imara na kimo kirefu, kuna njia ya kuyarusha maji hewani yakaangukie mbali. Hiyo ni kazi nyingine, na ina deni lake. Kariba, kwenye mto Zambezi, maji hurushwa kutoka kwenye milango ya ukuta na kudondokea kwenye mwamba. Kwa miongo kadhaa yalichimba shimo lenye kina cha takriban mita 80, na Zambia na Zimbabwe zikalazimika kuanza mradi mkubwa wa kulitengeneza upya shimo hilo ili lisirudi nyuma kwenye msingi wa ukuta.

Hatua ya 5: Meno, vizuizi, kizingiti

Meno hukaa pale mteremko unapokutana na sakafu. Kimo, upana na nafasi vyote ni sawa na kina cha maji yanayoingia, kwetu 0.61. Acha nusu nafasi kwenye kila ukuta. Ukichukua sentimita 62.5 unapata meno 16 yanayojaza mita 20 kamili, bila fundi kukata kipande.

Vizuizi vya katikati: kimo ni y1 × (0.168F + 0.63), kwetu mita 1.07. Upana na nafasi ni robo tatu ya kimo hicho, yaani sentimita 80. Ukifanya 83 unapata vizuizi 12. Safu ikae mbali na meno kwa 0.8 ya kina pacha, mita 4.4. Uso unaopokea maji uwe wima, mgongo uteremke kwa nyuzi 45. Kona za uso huo usizizungushe kwa ajili ya urembo, kwani kona kali ndiyo inayovunja maji.

Kizingiti cha mwisho: y1 × (1 + 0.056F), mita 0.84, na uso wake wa ndani upande kwa mteremko wa mbili kwa moja. Hufukuza mkondo wa chini uinuke usichimbe mara tu unapotoka.

Hatua ya 6: Kuta

Ziada ya kuta juu ya maji ni sehemu moja ya kumi ya kasi na kina pacha vikijumlishwa: 0.1 × (16.4 + 5.5), mita 2.2. Kwa kiwango chetu cha 100.9 maji ndani ya beseni yatasimama mita 6.0, kwa hiyo kuta ni mita 8.2; ukwaruzo mkubwa wa Hatua ya 1 ukikupa kiwango cha juu zaidi, tumia hicho. Zikague pia beseni likiwa tupu na udongo wa nyuma umelowa. Ukuta mwingi huangukia ndani siku ya usafi, wala si siku ya mafuriko.

Hatua ya 7: Sakafu, na maji yaliyo chini yake

Hapa tukae kidogo, maana ndipo mabeseni mengi hufia.

Angalia kinachotokea mwanzoni mwa mruko. Juu ya sakafu kuna maji ya sentimita 61. Chini ya sakafu, maji yaliyopenya kutoka mbele yanasukuma kwa kimo cha mita 6. Bamba linabaki katikati likiwa na msukumo wa karibu mita 5.4 za maji kutoka chini. Ukitegemea uzito wa zege peke yake, unahitaji unene wa mita 3.7. Na hiyo ni hesabu ya maji yaliyotulia. Ndani ya mruko mgandamizo unaruka juu na chini kila sekunde, na mipigo hiyo hupenya kwenye viungio na kusambaa chini ya bamba zima.

Mwaka 1970, kwenye bwawa la Malpaso nchini Mexico, mabamba ya beseni yenye unene wa mita 2 yaling'olewa na kusombwa namna hiyo. Februari 2017 bwawa la Oroville, California, likapoteza sehemu ya mfereji wa utoro wake kwa sababu za ukoo huo huo: maji ya kasi kuingia kwenye nyufa na viungio na kuinua mabamba kutoka chini. Hali ilipozidi kuharibika, watu zaidi ya 180,000 waliamriwa kuhama. Bamba halikuvunjwa na maji yaliyopita juu.

Kwa hiyo fanya mambo manne kwa pamoja. Weka mpira wa kuzuia maji kwenye kila kiungio, bila kubakiza hata kimoja. Weka tabaka la mchujo na mabomba ya kupunguza mgandamizo chini ya sakafu, yatokee pale ambapo maji yametulia, kamwe yasitokee chini ya mwanzo wa mruko, vinginevyo yatageuka kuwa milango ya kuingizia mipigo. Funga sakafu kwenye mwamba kwa nondo za nanga zilizojazwa saruji. Na ufanye mabamba yawe makubwa, yakishikana kwa nondo zinazovuka viungio, ili mpigo unaopata pembe moja uzuiwe na uzito wa eneo zima. Ukifanya hivyo, unene wa mita moja na kitu unaweza kutosha kwenye mfano wetu, kutegemea mwamba na hesabu za nanga.

Kwenye kiungio, bamba la mbele lisiwe juu ya la nyuma hata kwa sentimita moja. Ngazi hiyo ndogo inayoyatazama maji huyakamata na kuyasukuma chini.

Hatua ya 8: Mawe baada ya kizingiti

Beseni linakula karibu asilimia 60 ya nishati. Kwenye mfano wetu hiyo ni mita 8.7 za kimo, na kwa mtiririko wa 200 inakuwa kama megawati 17, zaidi ya mara mbili ya mitambo yote ya bwawa la umeme la Nyumba ya Mungu nchini Tanzania, inayopotelea kwenye povu ndani ya mita 15. Kinachobaki bado kina nguvu. Kasi ya wastani inayotoka ni chini ya mita 2 kwa sekunde, lakini usipange mawe kwa wastani, maana beseni fupi hutoa maji yenye misukosuko. Mimi hupanga kwa mita 3 kwa sekunde, na kanuni ya Isbash kwa maji yenye misukosuko inadai mawe ya kama sentimita 40. Chini yake weka tabaka la mchujo, la sivyo mchanga utafyonzwa katikati ya mawe nayo yatazama moja moja.

Yanayofanyika eneo la kazi

Niliwahi kukagua beseni ambalo hesabu zake zilikuwa safi kabisa. Baada ya masika mawili, vizuizi vilikuwa vimelika hadi nondo zikaonekana. Sababu ilikuwa rundo la mawe na vipande vya nondo ambavyo mkandarasi aliviacha ndani siku ya kukabidhi, akijua maji yatavisomba. Hayakuvisomba. Mruko una mzunguko wa kurudi nyuma. Huyakamata mawe na kuyazungusha usiku kucha, na beseni linageuka kinu cha kusaga zege.

Kwa hiyo fagia beseni kabla ya maji ya kwanza, upige picha, na msimamizi asaini. Weka uzio, kwa sababu watoto na wapita njia hupenda kutupa mawe kwenye povu. Kama utoro una milango, ifunguliwe yote kwa kiasi sawa: ukifungua wa kushoto tu, maji upande wa kulia yanarudi nyuma na kuvuta mawe ya mtoni juu ya kizingiti yaingie ndani. Andika sheria hiyo ukutani kwenye chumba cha mwendeshaji, kwa Kiswahili.

Kwa bwawa ambalo mzigo wake unazidi mipaka ya aina ya tatu, au lenye watu wengi chini yake, hesabu za karatasi hazitoshi. Tengeneza kielelezo kidogo maabara ukaone maji yanafanya nini.

Masika ya kwanza yakipita, subiri mto ushuke, pampu maji yote, shuka na kipimo. Pima kina cha mto mita 10, 20 na 50 mbele ya kizingiti ulinganishe na siku ya kukabidhi. Gonga kila bamba kwa nyundo. Linalolia kama debe tupu lina uwazi chini yake. Chungulia mabomba ya mchujo: kama yanatoa maji yenye mchanga, msingi wako unaondoka kidogo kidogo, na hiyo haingoji masika ya pili.